Jina la Mama Kaburini

Maiti akishalazwa ndani ya mwanandani, mbao zikapangwa na mchanga ukajazwa, katika miji mingi ya pwani yetu waliozika hawaondoki mara moja. Mmoja wao, aghalabu mwalimu wa chuo au imamu wa mtaa, huchutama upande wa kichwa akaanza kusema na aliye chini. Humwita kwa jina lake na jina la mama yake, si la baba. Humwambia kwamba watamjia malaika wawili, wasimtishe, kwani nao ni viumbe wa Mungu kama yeye. Wakimuuliza Mola wako ni nani, Mtume wako ni nani, kibla chako ni kipi, awajibu bila kusita. Kisha hutajiwa majibu yote, moja moja, kama mwanafunzi anayekumbushwa somo mlangoni pa mtihani. Ambaye mama yake hajulikani huitwa mwana wa Hawa. Hii ndiyo talkini.

Malaika hao wawili, Munkari na Nakiri, si hadithi ya barazani. Wamo katika vitabu vya itikadi vya Kisunni pamoja na barzakhi, mizani, sirati, hodhi na shafaa ya Mtume, na hakuna mwanavyuoni wa Kishafi aliyewakana. Lakini hadithi inayoagiza maiti asomewe talkini baada ya kuzikwa, ile iliyopokewa kwa Abu Umama na kuandikwa na Tabarani, wajuzi wa hadithi wameihesabu kuwa dhaifu. Imam Nawawi wa Sham, aliyefariki 1277 na ambaye vitabu vyake ni nguzo ya madhehebu ya Shafi, aliujua udhaifu huo, na hata hivyo akasema talkini inapendeza. Nawawi huyo huyo aliandika kwamba msimamo mashuhuri wa madhehebu yake ni kuwa thawabu za kusoma Kurani hazimfikii maiti. Watu wa pwani, Mashafi kwa kuzaliwa, waliishika kauli ya kwanza kwa mikono miwili. Ya pili ni kama hawakupata kuisikia, maana hitima yote imejengwa juu ya kusoma Kurani na kumpelekea marehemu thawabu zake.

Wanavyuoni wa baadaye waliona pengo hilo, wakalifunika kwa busara: someni, kisha ombeni dua Mungu amfikishie. Dua kwa maiti haina mgogoro. Kwa hiyo hitima iliingia kwa mlango wa dua, ikakaa.

Naandika historia hii kwa sababu huwa inasimuliwa vibaya. Husemwa kwamba upande mmoja kulikuwa na dini safi ya vitabu na upande wa pili ujinga wa watu uliochanganyika na mizimu. Ukiifuata karne kwa karne unakuta kwamba waliobishana wote waliamini moto na pepo, hesabu na ufufuo. Walichogombania ni jambo moja: aliyekufa anaweza kusaidiwa kiasi gani na waliobaki? Vitabu vilisema daftari hufungwa, ila kwa sadaka yenye kuendelea, elimu iliyonufaisha watu na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Watu wa kawaida hawakukubali kwamba mtu wao ataachwa kule peke yake.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwa sheria ya madhehebu hayo, kulijengea kaburi na kulipaka chokaa ni jambo linalochukiza, na katika makaburi ya wakfu kujenga ni haramu. Lakini tembea pwani uone. Gedi, kusini ya Malindi, kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe kwa ustadi mkubwa. Malindi penyewe, Mambrui, Kunduchi na Kaole yapo makaburi ya nguzo yanayopanda juu kuliko nyumba ya kawaida, na mengine yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Hakuna kitabu cha fikihi kilichoagiza nguzo wala bakuli. Waliojenga walikuwa ndio hao hao waliojenga misikiti ya Ijumaa na kulipa walimu wa sheria. Walijua hukumu, na bado walitaka wafu wao waonekane. Na waliokuja nyuma waliyatumia makaburi hayo kwa shida zao. Kaole, karibu na Bagamoyo, watu wameendelea kwenda kwenye kaburi la sharifa mmoja kuomba, wakiacha chochote walichojaliwa.

Elimu ya akhera haikuwafikia wengi kwa vitabu vya Kiarabu. Ilikuja kwa tenzi, zilizoghaniwa na kunakiliwa kwa mkono majumbani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate aliyeishi karne ya 18 hadi mwanzo wa 19, alipotunga Al-Inkishafi alizitaja tabaka za moto kwa majina yake ya Kurani, na itikadi yake haina doa. Lakini kinachomchoma msomaji ni majumba ya Pate yaliyobomoka, mabwana waliolala juu ya vitanda vya fahari ambao sasa ardhi imewabana. Kaburi la vitabuni ni mahali pa maswali. Katika utenzi ule kaburi lina wenyewe unaowajua, na nyumba zao ulikuwa ukipita mbele yake kila siku.

Kisha yuko Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Anamfundisha kwamba mwanamke anahitaji radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na kwamba siku ya kiyama uamuzi juu yake utapita mikononi mwa mumewe. Mwanavyuoni akikaa na Kurani atakuonyesha kwamba kila nafsi hubeba mzigo wake, na hakuna abebaye wa mwenzake. Mwana Kupona hakuwa mjinga wa hilo. Mafundisho yake yana mizizi katika hadithi za kumtii mume ambazo wanavyuoni wenyewe walizisambaza. Lakini aliyafanya kuwa hukumu kamili ya akhera, na vizazi vya wanawake wa Lamu na Mombasa vilikua nayo moyoni kuliko vilivyokua na kitabu chochote cha tauhidi. Mimi huusoma utendi ule kwa mapenzi na kwa uchungu. Mapenzi kwa sababu ni sauti ya mama anayekufa akimtafutia mwanawe njia ya pepo. Uchungu kwa sababu njia yenyewe aliijenga ipite mlangoni kwa mtu mwingine.

Wakati huo huo Unguja ilikuwa na jambo la ajabu kidogo katika ulimwengu wa Kiislamu: mtawala wa itikadi moja, raia wengi wa nyingine. Masultani wa Busaidi walikuwa Maibadhi. Kwa Maibadhi, Mwislamu aliyekufa na dhambi kubwa bila kutubu atakaa motoni milele, na shafaa ya Mtume haimhusu. Kwa Mashafi, mwenye imani hata akiingia motoni kwa dhambi zake ipo siku atatolewa, na shafaa ndiyo tegemeo kubwa. Tofauti hii haikuwa ya karatasi tu. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyetoka katika ukoo wa Kiibadhi akawa Shafi, alifundisha hadharani dhidi ya itikadi za Kiibadhi hadi Sultani Barghash akamtia gerezani. Alitoka Barghash alipofariki mwaka 1888.

Hata Maibadhi wenyewe, pamoja na ukali wa itikadi yao, hawakumwacha maiti bila msaada. Wasia za Waomani wengi Unguja ziliacha fedha za mtu wa kuhiji au kufunga kwa niaba ya marehemu. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, katika wasia wake wa 1850 aliagiza watumwa wa nyumbani kwake wawe huru baada ya kufa kwake, kwa kutaraji rehema ya Mola. Wale wa mashambani hawakuingia katika huruma hiyo. Mtu aliyekaribia hesabu alitoa alichoweza kukitoa bila kuwaharibia warithi, na mikarafuu ilihitaji watu wa kuichuma. Ni vigumu kuisoma sentensi ile ya wasia bila kuwafikiria waliobaki na majembe mkononi.

Matajiri wengine waliweka wakfu. Shamba au nyumba ilifungwa, na sehemu ya mapato yake ikalipa watu wa kusoma Kurani juu ya kaburi la mwenyewe. Serikali ya Kiingereza ilipounda Kamisheni ya Wakfu Unguja mwaka 1905, maafisa wake walikabidhiwa mali ambayo kazi yake ilikuwa kumfariji mtu aliyekwisha kuzikwa.

Aliyetuachia maelezo marefu kuliko wote juu ya maziko ya watu wa kawaida ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alisoma dini Bagamoyo, akaenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mle ndani maiti huoshwa, hutiwa karafuu maiti, huvishwa sanda, husomewa talkini, watu hulala matangani, hitima husomwa, sinia hutoka. Kurasa nyingine za kitabu hicho hicho zinaeleza mizimu, pepo na mizuka. Mtoro hakuona haja ya kuyagombanisha hayo. Watu aliowaeleza walikuwa wakimsomea Yasini mzee wao Alhamisi usiku kwa kuamini roho hurejea nyumbani usiku wa kuamkia Ijumaa kuona kama inakumbukwa, na alfajiri wakaenda msikitini kama Mwislamu yeyote wa Hadhramaut au Misri. Na wala imani ya roho kurejea haikuzaliwa chini ya mibuyu ya Bagamoyo. Masimulizi ya namna hiyo yamo katika Dakaik al-Akhbar, kitabu cha Kiarabu cha habari za mauti na kiyama ambacho kimesomwa na watu wa kawaida katika nchi nyingi za Kiislamu, huku wahakiki wa hadithi wakikikunjia uso. Dini ya watu wa kawaida nayo ilikuwa na vitabu vyake. Havikuwa tu vile vilivyo katika orodha ya wakuu.

Miaka mitano baada ya kitabu cha Mtoro, akhera iliingia katika siasa. Mwaka 1908 barua ilianza kupita mkono kwa mkono katika pwani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, hasa Lindi. Ilisema kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, amemwona Mtume usingizini. Mtume amehuzunishwa na dhambi za umma wake, kiyama kimekaribia, na mlango wa toba uko karibu kufungwa. Atakayeinakili na kuipeleka mji mwingine atapata fadhila kubwa, na atakayeipuuza ajilaumu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu nyuma, na Wajerumani walitetemeka. Walikamata nakala, wakahoji watu, wakamshuku Rumaliza, mfanyabiashara mashuhuri wa zamani wa Ujiji aliyekuwa Unguja, kuwa yuko nyuma yake.

Barua yenyewe haikuwa mpya. Mholanzi Snouck Hurgronje alikuwa ameandika juu ya mfano wake uliosambaa huko Java, miaka ya 1880. Kwa vipimo vya fikihi haina uzito: ndoto ya mtu haiweki sheria, na saa ya kiyama Kurani inasema haijui ila Mwenyezi Mungu. Lakini iwazie Lindi ya 1908. Kusini kumechomwa mashamba, njaa imeua watu wengi kuliko risasi, na waliosalia wanaingia katika Uislamu kwa wingi. Kwa watu hao habari kwamba dunia inafikia mwisho haikuhitaji sanadi. Walikuwa wamekwisha kuuona mwisho wa dunia yao. Walichokipata katika barua ile ni kwamba Mtume anawajua na anawahuzunikia. Barua za Sheikh Ahmad bado zinapita hadi leo, sasa kwenye simu, na masheikh bado wanazikanusha.

Shambulio kubwa dhidi ya desturi za maziko lilitoka ndani, kwa mtoto wa yule Sheikh Ali aliyefungwa na Barghash. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, alisoma maandishi ya Muhammad Abduh na Rashid Rida wa Misri, na akaona kwamba Waislamu wa pwani wanazama huku mali zao zikiliwa na sherehe. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, ili asomwe na mtu wa mtaani. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Sheikh Al-Amin hakutaka kuwanyima wafu dua. Hoja yake yenye nguvu, na kwangu mimi haijajibiwa vizuri mpaka leo, ilihusu walio hai. Ja'far bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta mwaka 629, Mtume aliamuru watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Pwani mambo yaligeuzwa: mfiwa ndiye anayepika, jirani ndiye anayekula. Mjane anakopa mchele kwa muuza duka, ng'ombe anachinjwa, na mali ya mayatima inaliwa kabla hawajajua kuhesabu. Kwa hili hakuhitaji vitabu vya Misri. Ibn Hajar al-Haytami, mwanavyuoni mkubwa wa Kishafi wa karne ya 16, alikwisha kukataza karamu ya maziko inayolipwa kwa mali ya yatima. Watetezi wa hitima walikuwa na madhehebu mkononi, naye pia alikuwa nayo.

Na watetezi walikuwa wengi na watu wa heshima. Lamu, Habib Saleh, sharifu aliyefariki 1935, alikuwa ameujenga msikiti wa Riyadha na kuufanya kitovu cha maulidi na elimu, mahali ambapo wanyonge, wakiwemo waliotoka utumwani, walipewa nafasi ya kukaa na kusoma. Kwa watu hao, kusomewa hitima kulikuwa na maana ambayo mabwana wa zamani hawakuhitaji kuifikiri. Mtumwa hakuwa na ukoo wa kumlilia. Aliyesomewa juzuu thelathini na mji mzima alikufa akiwa mtu wa mji. Ukimwambia mwanawe kwamba kisomo kile ni bidaa, hakusikii ukisahihisha fikihi. Anasikia ukimrudisha babake nje ya ukuta wa mji.

Mabishano yakaendelea kwa wanafunzi wa Sheikh Al-Amin. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya miaka ya 1960, aliandika Hukumu za Sharia na kuendesha gazeti la Sauti ya Haki. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, ambaye tafsiri yake ya Kurani ilitoka kamili mwaka 1969, alimfuata katika ukadhi Mombasa na katika miaka ya 1970 akatoa vitabu vidogo vyenye jina la Bid-a, vikigusa talkini, hitima na mengineyo. Alijibiwa, akajibu, na majibu yalifika misikitini kwa sauti kali. Baada yao wakaja vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Madina, kilichofunguliwa 1961, ambao hawakutaka tena kujadiliana ndani ya madhehebu ya Shafi. Kwao kauli ya Nawawi juu ya talkini ilikuwa kauli ya mtu, na hadithi dhaifu ni dhaifu. Tanga, Unguja, Mombasa, ikawa ndugu wa tumbo moja wanasimama kaburini kwa baba yao, mmoja anamwomba mwalimu aanze talkini, mwingine ameshageuka kuondoka.

Watu walifanya nini? Wengi walibadili majina na kupunguza sinia. Jijini Dar es Salaam siku ya arobaini mara nyingi huitwa dua au kisomo tu, na chakula kikawa chepesi. Rambirambi, ambayo Unguja huitwa ubani, ilizidi kuwa fedha ya kumsaidia mfiwa, jambo ambalo Sheikh Al-Amin angelifurahia. Lakini kisomo chenyewe hakikufa. Mama aliyefiwa na mtoto mchanga bado anaambiwa na shoga zake kwamba mwanawe atamsubiri mlangoni pa pepo na kumvuta kwa mkono, na safari hii vitabu viko upande wao: hadithi zenye maana hiyo zimo katika mkusanyiko wa Muslim. Anayechinja Idi bado anasema mnyama huyu atamvusha sirati, na hapo wahakiki wa hadithi wanakataa. Yeye hawezi kukwambia ipi ni sahihi na ipi ni dhaifu, kwa sababu zote mbili alizipokea kwa bibi yake, jioni moja, kwa sauti ile ile.

Hata serikali haikusimama upande wa vitabu vya Bid-a. Sheikh Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na kila mwaka tarehe hiyo viongozi wa Zanzibar na wa Muungano hukusanyika Kisiwandui, alipozikwa, kumsomea hitima. Masheikh hukaa mbele, wanasiasa hukaa nyuma yao, juzuu hugawanywa, dua huombwa. Imepita nusu karne. Mtaani, mwenye uwezo mdogo humsomea babake Yasini Alhamisi usiku, na nduguye aliyesoma Madina, akiwa chumba cha pili, humwombea baba huyo huyo katika sijida ya usiku, kwa sababu dua ya mtoto mwema ni miongoni mwa yale matatu ambayo hakuna kitabu kilichoyafungia mlango.